Moshi Unaorudi Nyumbani kwa Gatete

Kijiwe chetu kiko Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, upande wa Kashojwa, kando ya njia inayotoka Kabingo. Benchi ni gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya matofali, na mbele yake kuna sigiri ya Saudah, binti wa Nyamityobora kule Mbarara, aliyekuja kuuza kahawa ya tangawizi kwa mwezi mmoja na sasa ana mwaka wa nne hajaondoka. Tunatazama barabara, kwa sababu habari hupita barabarani, na migongo yetu tumeipa nyumba ya Gatete, iliyokaa ubavu hivi kwamba mlango wake na nyuma yake vyote huonekana. Wa kwanza kufika ni Hudu, tunayemwita Afande, mtu wa Mbarara aliyepikia jeshi miaka mingi na siku hizi anauza sufuria. Wa pili ni Nehemiya, mzee wa kwaya, jina lake la kijiweni Zaburi, mwenye methali mia na hajawahi kuiweka hata moja mahali pake. Wa tatu ni mimi, Betri, kwa kuwa nachaji simu za watu. Siku hiyo ilikuwa mwisho wa Agosti, mwaka 2010, mawingu ya kwanza yameshakaa juu ya ziwa, na Gatete alikuja na jembe.

Alilaza jembe magotini, akapokea kikombe.

Saudah: Shamba saa hii, baba?

Gatete: Apana. Nakunywa kahawa, kisha naenda kuvunja jiko.

Afande: Jiko gani?

Gatete: Ile ya Yudita. Iko mu nyumba yangu.

Vikombe vyote vilishuka. Lazima nilieleze lile jiko, maana asiyelijua atadhani ni rundo la udongo tu. Yudita alitoka Fizi na mikono miwili na akili. Udongo anauchimba kwenye kichuguu, kwa sababu mchwa wameshamchekechea; anauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, anaukanyaga mpaka ukiurusha ukutani unanata. Pale moto utakapopita analaza vipande vya mgomba, anajengea udongo juu yake, na udongo ukishashika anavuta ile migomba taratibu, njia ya moto inabaki ndani, laini kama koo. Linakuwa na mdomo wa kuni, matundu mawili ya sufuria, na bomba la udongo linalotoboa ukuta wa nyuma na kupanda nje hadi kimo cha mtu. Siku lilipowashwa mara ya kwanza kwa Gatete wanawake wa mtaa walijaa mlangoni, na vijiti vichache vikaivisha maharage ambayo mafiga yalikuwa yanayadai mzigo mzima. Mimi niliingiza kichwa nikitafuta moshi wa kulalamikia, nikakosa. Nampenda sana mtu akisema atafanya jambo na jambo likafanyika.

Tena Liliane, mke wa Gatete, alikuwa na kifua kibaya. Enzi za mafiga ukipita pale jioni ulikuwa unamsikia akikohoa toka barabarani. Jiko lilipokuja, kikohozi kikaondoka, tukamsahau, kama tunavyowasahau watu wenye afya.

Gatete: Moshi inarudia. Liliane anakohoa tena. Jana alikohoa mupaka akakaa chini, mutoto mu mukono, sufuria ikaunguza.

Saudah: Pole sana.

Gatete: Mafiga ilikuwa inatoa moshi, lakini haikunidanganya. Nitavunja hii kitu, bibi yangu Liliane apike inje.

Saudah: Na mvua ikianza?

Gatete: Mvua haina moshi.

Zaburi: Umesema kweli, ndugu. Mutaka cha mvunguni sharti ainame.

Afande: Zaburi, hiyo maana yake nini hapa?

Zaburi: Maana yake ainame. Moshi iko juu, chini kuna hewa.

Nilimwambia Gatete asubiri, akili za watu wengi haziwezi kushindwa na udongo. Akalitazama birika la Saudah juu ya sigiri, akasema atasubiri mpaka birika liishe. Likiisha bila dawa, anakwenda kuvunja.

Saudah alilipima birika kwa mkono. Akasema limefika nusu. Kuanzia hapo akawa anamimina kidogo kidogo, mpaka Afande akaanza kuchungulia kikombe chake.

Habari Nakivale haihitaji simu. Kabla hatujapiga funda la pili Yudita alikuwa ameshafika, kanga imekazwa kiunoni, mikono ina tope mpaka kwenye viwiko. Hakusalimia, jambo lisilo kawaida yake.

Yudita: Gatete, banasema unanivunjia jiko.

Gatete: Jiko ni yangu, mama. Iko mu nyumba yangu.

Yudita: Nyumba ni yako. Jiko ina jina yangu. Mama Mukamurenzi amekata nyasi ya jiko leo asubui, kesho namujengea. Akisikia ya Gatete imevunjwa, ataleta nyasi ku ng'ombe zake, na bibi mingine yote nayo. Na ile moshi yote itarudia mu macho ya bamama.

Gatete: Basi unipe dawa.

Yudita: Nimekuya kuangalia mara ngapi? Kila nikikuya muchana, nawasha, moto inavuta kama mulevi. Hata chozi moja sitoki nayo. Nikirudia kwangu, unasema moshi imejaa. Hii jiko inaniogopa mimi, ao inakuchukia weye.

Akasogezewa nafasi ukingoni mwa gogo. Sasa tulikuwa watano kwenye benchi la watu watatu, wote tukitazama barabara.

Afande alianza, maana amepikia watu wengi kuliko sisi sote.

Afande: Mimi nauliza kwanza kuni. Kuni mbichi inalia. Jeshini, ukileta kuni mbichi, sajini anakupa wewe uimalize kwa kutafuna.

Gatete: Kuni ni ya muti mukavu. Nilipasua mimi, ndogo ndogo, na ilianikwa ku jua kutoka mwezi wa sita.

Zaburi: Samaki mukunje angali mubichi.

Yudita: Nehemiya, anasema ni mikavu.

Zaburi: Ndiyo maana haikunjiki.

Afande: Basi jivu. Jivu ikijaa kwa mdomo, hewa inakosa njia.

Yudita: Liliane anatoa jivu kila asubui. Yule bibi ni safi kushinda weye.

Afande: Anajaza kuni? Wengine wanasukuma kuni mpaka mdomo unafunga, kama mtu anakula ugali na hataki kuongea.

Gatete: Anaweka mbili, tatu. Yudita alimukataza kujaza.

Afande: Masizi kwa chimni, ile bomba.

Yudita: Shemine nilipitisha bua ya ndizi na kitambaa. Ilitoka nyeusi kidogo tu. Njia ni wazi, unaweza kuona jua.

Afande alikuna kidevu. Halafu akasema neno lililotushangaza kwa sababu lilikuwa na maana: usipoziba ufa utajenga ukuta, pengine jiko lina ufa, hewa inaingia ubavuni. Yudita akamwangalia kwa heshima kidogo. Akasema ufa ulikuwepo, mmoja, karibu na tundu la pili, na aliuziba kwa udongo na jivu wiki iliyopita, akausugua kwa jiwe laini mpaka pakafanana na kwingine kote. Na moshi uliendelea.

Afande: Kama si hiyo, ni sufuria. Sufuria haikai vizuri kwa tundu, moshi inapita kwa pembeni. Mimi niko na sufuria moja kwa duka, imenyooka kabisa.

Gatete: Sufuria yangu ilinunuliwa kwako.

Afande: Basi si sufuria.

Ikawa zamu yangu. Mimi nilikuwa nimejitunzia fikra yangu kama mtu anayetunza chaji ya mwisho. Nikasema bomba likiwa baridi moshi huogopa kupanda. Dawa ni kuwasha kwanza nyasi kavu chini ya bomba, lipate joto, ndipo moto wa kuni ufuate. Nililisema polepole, ili waliokaa mbali wasikie pia.

Yudita: Ilo nilimufundisha Liliane siku ya kwanza, Betri. Anafanya kila asubui.

Nilikunywa kahawa yangu. Ilikuwa imepoa.

Saudah: Jaribuni haraka. Birika si ziwa.

Akili za kawaida ziliisha hapo, na nadhani ndipo tulipoanza kufurahi. Zaburi alivua kofia. Akivua kofia ujue Kaini na Abili wako njiani.

Zaburi: Moshi ya Abili ilipanda mbinguni. Moshi ya Kaini ilirudia chini. Mu nyumba moshi ikirudia, kuna neno. Gatete, uligombana na ndugu?

Gatete: Ndugu zangu beko Minembwe. Tutagombana namna gani?

Zaburi: Kwa simu.

Gatete: Simu iko kwa Betri, inachajiwa.

Afande: Hapana, Zaburi, acha Kaini. Mimi nimefikiri kitu. Huyu moshi anatoka kwa settlement bila karatasi. Wewe Gatete ukitaka kwenda Mbarara, si unaomba karatasi ya safari? Moshi naye anafika juu ya chimni, anaulizwa karatasi, anarudi ndani.

Hata Gatete alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kulegea tangu afike, na jembe likateleza kidogo magotini.

Zaburi: Usichekeshe. Ile shemine inaangalia fasi gani?

Yudita: Kule jua inaingia.

Zaburi: Magaribi. Kongo. Unaona. Moshi inatoka, inaona njia ya kurudia kwetu, inakumbuka vita, inaogopa. Inarudia mu nyumba ya Gatete, inajificha.

Hakuna aliyecheka. Lori lilipita, vumbi likashuka, na kila mmoja wetu alikuwa ameshafika kwao na kurudi kabla vumbi halijatua.

Gatete: Kama ni vile, haina makosa.

Yudita: Moshi haina kwao, Nehemiya. Iko na njia ao haina njia. Gatete, niambie tena. Ilianza lini?

Gatete: Mwanzo ilikuwa muzuri sana. Mwezi mbili, hata harufu hakuna. Ilianza pale Bihogo alizaa.

Bihogo ni ng'ombe wake, mwekundu, mwenye pembe za kujivunia. Gatete ni mtu wa ng'ombe kutoka milima ya Minembwe. Sisi wengine wa Kongo pale kijiweni ni watu wa samaki na mihogo. Yeye hahesabu kwa kalenda. Atakwambia mwaka ambao fulani aliugua kwato, mwezi ambao fulani alizaa ndama wa kiume.

Zaburi: Ng'ombe. Nilijua. Ng'ombe ana wivu na jiko.

Afande: Kwa nini?

Zaburi: Mavi yake ndiyo bilijengea jiko. Anaitaka irudie.

Yudita alishika kichwa. Mimi nilianza kumtetea Zaburi, kwa sababu nilikuwa nimeshakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa anaweza kutetea lolote. Nikasema ng'ombe akizaa huvuta pumzi nyingi, zizi liko karibu na nyumba, pengine anavuta hewa yote upande ule na jiko linabaki halina. Afande akasema hiyo inawezekana, jeshini walikuwa na punda mmoja. Saudah akamimina, na kutoka kwenye birika ikasikika ile sauti ya mwisho wa birika, tunayoijua wote.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama. Mama mmoja mnene, amejifunga mtandio mweusi, akashuka na mfuko wa tangawizi na sukari. Saudah aliruka.

Saudah: Senga yangu. Huyu ni Senga Zaharah, dada ya baba. Amekuja kuniona.

Zaharah: Mmeshindaje hapa?

Tukamjibu, tukajisogeza, lakini gogo lilikuwa limejaa. Zaburi aliinua kidole akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha hakumpisha nafasi. Saudah akampa shangazi yake dumu la maji alikalie. Kwa hiyo Zaharah akaketi mbele yetu, akiipa barabara mgongo na akitutazama sisi na kilicho nyuma yetu. Katika miaka yote ya kijiwe kile, sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kukaa namna ile.

Saudah alimsimulia kwa ufupi. Jiko, moshi, Liliane, jembe, birika. Zaharah alisikiliza huku akipuliza kahawa.

Zaharah: Jiko nzuri kama hiyo mimi natamani kwa nyumba yangu. Nani amejenga?

Yudita: Ni mimi.

Zaharah: Nyabo, mama yangu, asante. Mikono yako iko na akili.

Yudita akalegeza kanga kiunoni. Hakuwa amesikia asante tangu asubuhi.

Zaharah: Lakini mimi nauliza kitu kidogo. Hiyo moshi inarudi saa gani?

Gatete: Wakati yote.

Zaharah: Wakati wote gani? Mama amesema mchana akikuja hakuna.

Gatete: Mimi nikiingia na maziwa, nakuta imejaa.

Zaharah: Unakamua saa gani?

Gatete: Asubui, na saa hizi jioni. Leo nimechelewa juu ya hasira.

Zaharah: Sawa. Na wewe ukiwa kwa ng'ombe, kabla maziwa haijaingia, kule jikoni wanafanya nini?

Gatete alifungua mdomo. Akatutazama, kama vile mmoja wetu angekuwa anajua. Afande, aliyelisha jeshi, aliangalia viatu vyake. Yudita mwenyewe, aliyekuja mara nyingi, alikuja mchana kila mara, jua likiwa kali na jiko likiwa peke yake. Tulikuwa tumeshapima kuni, jivu, masizi, ufa, sufuria, Kaini na wivu wa ng'ombe, na hapakuwa na mtu kati yetu aliyewahi kukaa kwenye ile nyumba jioni, saa ya kukamua.

Zaharah hakutusubiri. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu.

Zaharah: Na yule mama mzee anaweka nini juu ya chimni?

Tuligeuka wote pamoja, gogo likalia.

Nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, alikuwa amesimama Kantengwa, mama yake Gatete. Ni mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye kitambaa kilichofungwa begani kwa namna ambayo hata upepo haukuthubutu kukigusa. Mikononi alikuwa na kibuyu cha maziwa, cheusi kwa umri, kinachong'aa. Alikigeuza mdomo chini, akakiweka juu ya bomba la moshi, kikakaa sawasawa. Akakishikilia kwa viganja viwili na kuinamisha kichwa pembeni, kama mtu anayesikiliza mtoto akinyonya. Na moshi, uliokuwa unapanda vizuri tu, ukasita. Muda kidogo tukauona ukitokea mlangoni na dirishani. Kisha tukamsikia Liliane akikohoa.

Kantengwa alikiinua kibuyu, akanusa ndani, akakirudisha kwa muda kidogo, akanusa tena, akaridhika. Alipokiondoa, moshi wote uliruka juu kupitia bomba kama uliofunguliwa mlango. Mlangoni ukakatika. Kikohozi nacho kikakatika.

Kisha akachukua kibuyu cha pili.

Gatete: Mama yangu.

Alisema hivyo tu kwanza. Jembe lilikuwa limeanguka na hakuliokota.

Gatete: Maziwa haiwekwe mu kibuyu ile haijapita mu moshi. Inaharibika, na inakosa harufu. Kwetu kibuyu haina moshi, hata mugeni haumupe. Wakati ya mafiga tulikuwa tunatundika vibuyu juu, moshi inavikuta yenyewe. Jiko ilikuya, moshi ikaenda inje. Ilikuwa hakuna shida, Bihogo hakuwa na maziwa. Sasa amezaa.

Mimi: Basi mama alitafuta moshi wake umehamia wapi, akaufuata.

Gatete: Ndiyo. Hakuuliza mutu. Hakulalamika.

Niliona fahari usoni mwake na aibu pamoja, na nilivielewa vyote viwili. Mwanamke wa umri ule, aliyevuka ziwa na mipaka na vibuyu mgongoni wakati wengine walibeba magodoro, analetewa jiko geni linalotupa nje kitu anachokihitaji. Halivunji, hanuni. Analizunguka, anaona linapopumulia, na kila asubuhi na jioni anapanda jiwe.

Saudah: Lakini Liliane yuko ndani. Hajui?

Gatete aliutazama mlango wa nyumba yake.

Gatete: Anajua. Saa ile mimi niko ku ng'ombe, yeye iko hapo hapo jikoni. Lakini vibuyu vya mama mukwe, mukamwana haviongelee. Hata jina ya mama hawezi kuitaja. Angeniambia namna gani?

Saudah: Kwa hiyo alikuwa anavumilia.

Gatete: Anameza moshi juu ya kuheshimu mama yangu. Na mimi nikabeba jembe nikuye kuvunja kazi ya mutu. Yudita, unisamehe.

Tulimsikia Liliane mle ndani akisogeza sufuria, anakohoa kidogo, anaendelea na kazi. Nilikuwa nimemfahamu kwa kikohozi tu. Siku hiyo nilimheshimu mpaka nikasikia haya kukaa karibu na nyumba yake namna ile, na kahawa mkononi, nikieleza habari za pumzi za ng'ombe.

Yudita hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anatazama nyuma ya nyumba kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenziwe.

Yudita: Muangalie vile kibuyu kinakaa ku shemine. Sawasawa. Kama nilikipima.

Afande: Kweli. Hata sufuria yangu haikai hivyo.

Yudita: Mimi nilisema moshi ni adui. Yule mama anajua kazi yake.

Zaburi: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aliisema kwa mazoea tu, akitafuta kofia yake. Ni mimi peke yangu niliyetambua kwamba safari hii ilikuwa mahali pake, na sikumwambia, asije akaharibika.

Zaharah alimaliza kahawa, akashika kikombe kitupu mapajani.

Zaharah: Sasa sawa. Shida imejulikana. Nani atamwambia?

Hilo ndilo swali lililotumaliza.

Afande: Gatete, wewe ni kijana yake.

Gatete: Nikimwambia aache moshi, ni kama nimemwambia anywe maziwa ya duka. Atasema sawa, mutoto wangu, kisha hatakunywa tena.

Saudah: Mke wako?

Hilo lilikuwa limeshajibiwa.

Mimi: Zaburi, wewe mzee wa kanisa. Nenda naye kwa maombi.

Zaburi: Mzee wa kanisa haingie mu mambo ya maziwa.

Saudah: Afande, si ulikuwa jeshini?

Afande: Nilikuwa kwa jiko. Wale wa mbele ndio wanakwenda kwa hatari.

Tukamtazama Zaharah mwenyewe. Akasema yeye ni mgeni, amekuja na tangawizi. Huko nyuma ya nyumba Kantengwa alikuwa anakipangusa kibuyu cha pili kwa ncha ya kitambaa chake, na Liliane alikuwa ametoka mlangoni kuvuta hewa, uso ameugeuzia upande mwingine, upande ambao mama mkwe hayupo.

Yudita ndiye aliyeinama akaokota jembe. Gatete alishtuka, akadhani anakwenda kulivunja jiko mwenyewe.

Yudita: Hakuna mutu atamwambia. Tutamujengea.

Gatete: Utajenga nini?

Yudita: Jiko ya vibuyu. Ndogo, inje, chini ya paa, mvua isiifikie. Na shemine fupi yake, mudomo ya kukaa kibuyu, chini kabisa, asipande tena ku jiwe. Ataweka miti yake ya harufu, ile anapenda, si hii kuni ya maharage. Jiko ile ingine hatakuwa na kazi nayo tena.

Afande: Na ukiulizwa kwa nini unajenga?

Yudita: Nitasema udongo ya Mukamurenzi ilibakia.

Mukamurenzi bado hata udongo wake haujachimbwa. Lakini hakuna aliyeona vibaya. Yudita alikuwa tayari anajipimia mdomo wa bomba kwa mikono yake yenye tope, ameviunganisha vidole gumba na vya shahada, anavipanua kidogo, anavipunguza, macho yake yako kwenye kile kibuyu kwa mbali. Kisha akaondoka kuelekea kwenye kichuguu, mikono bado ameishika hivyo hivyo, jembe kwapani.

Gatete: Mama Yudita, nilete nini?

Yudita: Kamua kwanza, mama anangojea. Kisha ulete maji, mingi.

Saudah alipindua birika. Halikutoa hata tone. Gatete akatazama huku na huku akitafuta chombo cha kuchotea maji, hakuona kingine, akamwomba radhi mgeni, akachukua lile dumu alilokuwa amelikalia, akaenda nalo mbio zizini kukamua kwanza. Zaharah akabaki amesimama barabarani na kikombe kitupu, akituuliza sisi wanaume kama hatuna kazi.